Gogo la Mzee Okumu

Chakol,
S.L.P. 41, Malaba.
9 Agosti 1996

Mpendwa Baba Mdogo Ochom,

Habari ya Mombasa? Kifua kimepoa, ama joto la huko bado linakusumbua? Sisi tuko, Mungu anatubeba. Mama anakohoa kidogo lakini shamba halimshindi.

Baba Mdogo, mwenzako silali. Ule ugonjwa wa miti ya bulugamu umetuzunguka. Gome linapasuka, linatoa maji meusi, halafu mti unakauka kutoka juu. Na hiyo miti yetu ndiyo inasomesha mdogo wangu Alaso.

Unajua ile kompyuta ya zamani pale parokia? Padre ameniachia, nimejifunza mwenyewe na kitabu kimeraruka. Nimeionyesha boma zenye miti imekauka na zenye iko sawa: upepo, mto, umbali. Inakisia ugonjwa utaingia wapi tena, inakosea, inajirekebisha, inakisia tena. Mwanzo ilisema Angurai, na Angurai ni kijani tupu! Halafu nikaongeza kitu kimoja tu, matanga. Si kila boma hupeleka gogo la moto wa matanga? Hapo ikashika. Ikataja kwa Mzee Okumu, jirani. Watu wakaniita mchawi wa umeme. Mvua kuisha, miti yake ikaanza kuvuja.

Sasa inataja kwetu. Ni ile kumbukumbu ya nyanya, Desemba.

Nikamwomba Mzee Ikapel, mkubwa wa ukoo, awaambie watu wasilete magogo. Akaniangalia weee. "Msichana, hiyo televisheni yako imewahi kuzika mtu?" Wote wakacheka, hata mama. Kukataa gogo ni kukataa pole ya mtu, najua.

Lakini nyanya ni mama yako. Wewe ukisema tuwashe kuni za kwetu pekee, nani atabisha? Niliondoa magogo kwa hesabu ya kompyuta, hayo tu, ikasema tutapona.

Jana Mzee Okumu ameleta la kwanza, eti likauke mapema. Ameliegemeza kwa bulugamu ile nyanya alipanda mwenyewe. Lina maji meusi, Baba Mdogo. Nimelifunika na nailoni, na kila upepo ukivuma natoka kuangalia. Nikilichoma bila neno lako, nitakuwa nimemtukana mzee wa watu.

Msalimie sana Mama Mdogo Gaudencia na watoto. Alaso anakusalimia. Mungu akuweke, akupe na haraka ya kujibu. Telegramu ya neno moja inatosha: choma.

Mtoto wako anayekupenda,
Anyait