Wivu wa Pilipili

Shamba la Combs,
Njia ya Stony Fork,
Bourbon County, Kentucky.
22 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Lowell,

Pokea salamu za nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje? Umeshaanza kulikunja, au bado unatembea kama mtu aliyevaa suruali ya bati? Na huko Alaska theluji imepungua, au mngali mnachimba njia ya kufika kwenye gari? Sisi tu wazima. Mume wangu Estill jino limemsumbua wiki mbili na amegoma kwenda kwa daktari, kwa hiyo tumeumwa wote. Mama Ruthanne hajambo kabisa. Ametimiza miaka themanini na mbili mwezi uliopita, na ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilicheka peke yangu jikoni niliposoma kwamba wenzako wa reli wanakuita mwongo, eti kwa sababu uliwaambia uliwahi kumpakata bingwa wa Marekani mapajani, ndani ya pikapu. Basi wasomee barua hii yote, kisha wakuombe radhi. Na usiiache njiani, maana kuna habari ambayo hata wewe hujaisikia: Alhamisi ya wiki iliyopita Pilipili alizaa mtoto wake wa kwanza, akamkataa, nasi tukaitwa.

Tuanze na ukoo, maana wenzako watauliza. Katika vitabu vya farasi jina lake ni Tallulah Bend. Baba yake Iron Vesper, mama yake Tallulah Moon, aliyekufa saa ileile aliyomzaa. Prewitt, msimamizi wa Shamba la Ashgrove, akianza kukutajia nasaba ya farasi huyo, tafuta kiti ukae. Bibi mzaa mama alishinda mbio za Saratoga, babu yake alikuwa mkorofi aliyemng'ata gavana, na wa mwanzo wao walishuka melini kutoka Uingereza. Estill humsikiliza hadi mwisho, halafu humuuliza swali lake lilelile.

"Na aliyemnyonyesha ni nani?"

"Hiyo haiandikwi, Estill, unajua."

"Basi kitabu chenu kina tundu, bosi."

Kwa sababu aliyemnyonyesha, kama unavyojua, ni Biskuti wetu, jike la kukokota mizigo, mwenye mabaka na miguu minene kama nguzo za baraza. Waeleze wenzako kwamba hii ndiyo kazi yetu. Farasi wa tajiri akifa wakati wa kuzaa, au akimkataa mwanawe, sisi hupeleka jike mwenye maziwa. Wewe ulimpakata yule yatima tangu Ashgrove hadi kwetu, akakung'ata sikio, na Mama Ruthanne akasema huyu si farasi, ni pilipili. Jina likaganda. Kama wanabisha, waonyeshe sikio.

Alipoanza mbio kwenye uwanja wa Keeneland, akiwa na miaka miwili, watu walidhani ni mvivu. Alikwenda mbele kidogo, kisha akawa anatazama majukwaa kama mama aliyekuja sokoni bila haraka. Farasi mwingine alipomfikia ubavuni ndipo walipomjua. Alilaza masikio, akanyoosha shingo, na yule mwenzake hakuona tena njia. Ushindi wake wote ulikuwa hivyo, wa kutangulia kwa shingo, kwa kichwa, kwa pua. Mpandaji wake alituambia hakuwahi kumchapa hata fimbo moja. Alimtafutia tu jirani wa kugombana naye.

Alishinda mbio kumi na nne kati ya kumi na tisa, na mara mbili akatajwa bingwa wa majike wa nchi nzima. Zile alizoshindwa, karibu zote ni za wapinzani waliopita mbali naye, upande wa pili wa uwanja, hakuwaona. Lakini ukipita machoni pake umejitafutia balaa. Kule Saratoga dume mmoja mkubwa kutoka California alimpita kabisa, mwisho ukiwa unaonekana, naye akamrudia akamwacha kwa pua. Sisi tulisikiliza redioni jikoni. Estill alivunja kiti siku ile, na hadi leo anadai kilikuwa kibovu.

Sasa njoo kwenye Alhamisi. Prewitt alipiga simu tukiwa tunakunywa kahawa. Pilipili amezaa alfajiri, mtoto jike, mwekundu kama mama yake, mzima na mwenye nguvu. Lakini kila mtoto akisogelea kiwele anapigwa teke. Wamemshika mama wanaume wanne wakamkamua dang'a kidogo, yale maziwa ya kwanza, wakampa mtoto kwa chupa, zaidi ya hapo haiwezekani.

"Delphia, leta jike lako upesi," akaniambia. "Huyu atamuua mtoto."

Biskuti alikuwa na maziwa. Jumanne ile alikuwa amezaa mtoto mfu, na kwa siku mbili alitembea kando ya uzio akiita, maziwa yakimdondoka miguuni. Ilikuwa inaumiza kumtazama. Kwa hiyo ningefurahi kwamba atapata mtoto. Lakini Prewitt hakukata simu kabla ya kuongeza lake. Wenye shamba, alisema, wanaona haya ndiyo matokeo: farasi aliyelelewa na jike la kukodi hawezi kujua umama.

Hakusema kwa ubaya, namjua. Ila mdogo wangu, unajua neno hilo lilinichoma wapi. Mimi na wewe tumelelewa na nani, kama si mama wa kambo? Nilimtakia Pilipili ampokee mwanawe kuliko nilivyowahi kumtakia ashinde mbio yoyote, na hapohapo mimi ndiye niliyekuwa napeleka jike la kumpokonya.

Nilimweleza Estill kwa sauti ya chini, lakini Mama Ruthanne anapotaka kusikia husikia. Alhamisi ni siku yake ya nywele, alikuwa amejaa vibiringisho kichwa kizima. Alivaa koti juu ya gauni la nyumbani, akaingia kwenye pikapu, akakaa katikati.

"Mama, tunakwenda kazini," Estill akamwambia.

"Nami nakwenda kumwona huyo Prewitt, fundi wa umama. Endesha, baba."

Sasa sikiliza. Desturi ya kazi hii ni kwamba mama aliyekataa hatakiwi kumwona mtoto akipewa mwingine, maana anaweza kupandwa na wazimu. Prewitt alitoa maelekezo kwenye simu, wazi kabisa: mlango wa nyuma, chumba cha mwisho. Estill alijibu ndiyo, ndiyo, kama anavyonijibu mimi siku zote. Kisha akaingia na Biskuti kwa mlango wa mbele, akamtia katika chumba kilichokuwa wazi, jirani kabisa na Pilipili, kati yao vyuma tu.

Wakati huohuo vijana wa banda walikuwa wanamleta mtoto kwenye korido. Biskuti alipomwona alitoa ule mlio wa chini, wa kifuani, unaoujua. Mtoto alijinasua mikononi mwao, akayumba kwa miguu yake mirefu, akaingia moja kwa moja kwa Biskuti, akaanza kumtafuta tumboni.

"Estill, umefanya nini!" Prewitt alikuwa mweupe kama unga. "Nilisema nyuma!"

"Nyuma ya nini? Wewe hukusema nyuma ya nini."

Pilipili alikuwa amewapa watu mgongo, anatafuna nyasi kama vile aliyezaa ni mwingine. Akageuza kichwa. Akaona. Lowell, yale masikio yalilala vilevile kama yalivyolala mbele ya yule dume wa California. Aliupiga ukuta teke moja, banda lote likalia. Daktari wa mifugo, binti mmoja mpole, akasema tumtoe Biskuti haraka. Estill akaishika kamba.

Ndipo Pilipili akamwita mtoto. Mlio uleule wa chini wa Biskuti, mara moja, halafu tena kwa nguvu zaidi. Mtoto akaacha alichokuwa anatafuta, akainua kichwa.

"Ngojeni," daktari akasema.

Walimshika Pilipili kamba mbili, wakafungua mlango. Mtoto akaingia. Mimi nilikuwa nimemshika Mama Ruthanne mkono, sijui nani alikuwa anamzuia nani asianguke. Pilipili alimnusa mwanawe kuanzia kichwani hadi mkiani, polepole, kisha akamsukuma kwa pua chini ya tumbo lake na kusimama kati yake na vile vyuma, ili Biskuti asimwone. Tukasikia mtoto ananyonya.

Nililia, sifichi. Estill naye alilia, akasingizia jino.

Prewitt alijifuta jasho, akapata tena sauti yake. "Mnaona sasa? Damu nzuri imejitokeza."

"Damu hiyo ilikuwepo tangu alfajiri, mwanangu," Mama Ruthanne akamjibu, vibiringisho vikimtikisika. "Ilikuwa inapiga mateke."

Daktari alicheka hadi akalazimika kutoka nje. Prewitt naye, sifa zake nimpe, alicheka.

Tulipotaka kuondoka Biskuti aligoma kupanda trela. Tulimvuta, tukambembeleza, tukampa shayiri, hakusogea. Mwishowe tukamwacha alale Ashgrove. Pilipili alikaa siku mbili akimtazama kwa jicho baya kupitia vyuma, na Jumamosi wakajaribu kuwapeleka malishoni pamoja, watu wakiwa tayari na kamba. Hazikuhitajika. Jana nimekwenda mwenyewe nikawaona: mtoto ananyonya kwa Pilipili, akishiba kidogo anavuka kwenda kwa bibi yake kuongeza. Pilipili anaruhusu, mradi asikawie. Prewitt anasema mtoto wa namna hiyo atakuwa mnene, hatashinda hata mbio za magunia. Mimi namwona anapendeza.

Tangu siku hiyo mimi na Estill tunabishana. Yeye anashikilia kwamba Pilipili alionea wivu maziwa ya Biskuti, maana yale ni ya mama yake na hakutaka mwingine ayaguse. Mimi nasema alimwonea Biskuti wivu kwa sababu ya mtoto. Juzi tukibishana hivyo mezani, mbele ya maharage na mkate wa mahindi, Mama Ruthanne akaweka kijiko chini. Alichotuambia sikuwahi kukisikia, na najua hata wewe hujakisikia.

Alisema alipoolewa na baba, mimi nina miaka minane na wewe mitano, hakututaka. Alisema hivyohivyo, bila kupepesa macho. Alimtaka baba tu. Sisi tulikuwa hatuli chakula chake, tunamtazama kama mwizi, naye alikuwa na miaka ishirini na saba na hajui aanzie wapi. Ilipofika wiki ya tatu alikuwa ameshakunja nguo zake, anangoja Jumapili arudi kwao Harlan.

Ijumaa yake yule mjane jirani, Bi. Faulconer, akaleta pai ya matunda ya porini. Mama Ruthanne alikuwa anaanika nguo, akatuona kibarazani. Tunakula, tunacheka. Wewe ulikuwa umekula vipande vitatu, na Bi. Faulconer alikuwa anakufuta mdomo kwa aproni yake.

"Nilikwenda pale sijui miguu ilinipelekaje," alisema. "Nilimnyang'anya Lowell mikononi mwake. Nikamwambia, huyu nitamfuta mwenyewe. Pai iliyobaki nikawapa nguruwe, na sahani nikamrudishia chafu. Mwanamke wa watu hakuwa amenikosea chochote."

Estill akamuuliza, "Na Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa napika pai. Iliungua. Wakaila."

Akachukua kijiko chake, akaendelea kula. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za jikoni, nikiwa na furaha ambayo siwezi kukueleza, ndiyo maana nimekaa leo nikuandikie.

Nisalimie wifi Maureen, na Clay, na Susannah. Waambie shangazi yao anawangoja kiangazi. Cleda wa kanisani anakuulizia. Estill anakusalimu kwa upande mmoja wa mdomo. Mungu akulinde barabarani na kwenye hiyo barafu yenu, akupe goti zima na moyo mkunjufu. Mama Ruthanne amesimama nyuma yangu tangu nilipofika kwenye habari ya Bi. Faulconer, anasoma, na amesema niiache kama ilivyo, ila niongeze kwamba vipande vilikuwa vinne.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Delphia