Makaa Uliyoyabeba Yakiwa Mabichi

Wifi yangu,

Ningeandika "mpendwa", lakini kalamu imekataa. Wiki nzima umekuwa ukiniflashi kutoka huko Kawangware na mimi naitazama simu ikilia mpaka inyamaze. Jana ukamtuma binti wa jirani aniambie unataka tuongee kama watu wa familia. Nakujibu kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nitakutukana na hapa plotini tunapopanga kuna watoto. Wanawake wa chama chetu cha kuweka akiba nimewasomea barua hii kabla ya kuituma. Wamesema nisipunguze hata neno.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Uthiru baada ya kumaliza shule? Kaka yako, mume wangu, alikuwa akifagia maofisi huko mjini, na kila Jumamosi alifika na gunia la karatasi za kutupwa begani. Mimi nawe tulikaa mlangoni tukizirarua vipande vipande, wewe ukisoma barua za watu kwa sauti. Siku moja ulisoma ya mtu aliyenyimwa kazi, ukaisoma kwa sauti ya pasta anayezika, nikacheka mpaka mtoto akaamka akilia. Nilikupenda sana siku zile, wifi. Nakwambia ili ujue ulichopoteza.

Lakini pipa la kulowekea karatasi za kutengeneza makaa ulilikwepa. Karatasi zikilowa siku kadhaa na kuwa kama uji mzito, ulijifunga leso puani. "Mimi siwezi shika hiyo kitu," ulisema, "inanuka kama choo." Nikakoroga mimi, mtoto mgongoni, nikachanganya na unga wa mbao na vumbi la makaa. Wewe ulipenda mashine, ile kaka yako aliyoiunda kwa jeki ya gari bovu na vyuma alivyochomelea mwenyewe nyuma ya nyumba. Unapampu, maji yanachuruzika, tofali la karatasi linatoka limekaa vizuri, nguo zako safi. Tena ulipenda kupeleka mzigo kule kambini, mbele ya Adams Arcade, watalii wanakowasha moto jioni mbele ya mahema. Ukazungumza nao Kiingereza, wakadhani wewe ndiye fundi. Sikujali. Nilikuwa mjinga.

Kisha kaka yako akafa. Tukamzika nyumbani magharibi, tukarudi, na kabla sijamaliza hata kufua nguo za matanga ukaingia na baba zako wadogo wawili na pikapu. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, mtoto mapajani. Ulisimama juu yangu ukasema, "Hii mashine ni ya ndugu yetu. Wewe ulikuja hapa na nguo tu." Mkaibeba. Ukarudi tena ukakusanya na makaa yote yaliyokuwa yakianikwa juu ya mabati. Ulijua vizuri kwamba kodi ya nyumba ile na uji wa mtoto yule vilitoka kwenye mabati yale. Ulijua, na bado ulibeba.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijakwambia. Ilikuwa Julai, na makaa yale nilikuwa nimeyakamua wiki ileile tuliyorudi kutoka mazishini, kodi ikiningoja. Katika baridi ya Julai tofali la karatasi hukauka ngozi tu, ndani limejaa maji. Aliyekoroga anajua: unachukua moja, unalivunja katikati, unaliweka shavuni. Likiwa baridi, unalirudisha juani. Wewe ulilibonyeza kwa kidole gumba ukamwambia baba mdogo, "Imekauka, pakia." Nilifungua mdomo nikuonye. Nikaufunga. Na leo ningeufunga vilevile.

Hazikupita siku nyingi, mwenye kambi akaja mwenyewe Uthiru, amevimba kwa hasira. "Mama, makaa gani hii umeleta? Moto imetoa moshi tu, wageni yangu wote wamekimbia na macho nyekundu!" Nikamwuliza aliletewa na nani. Akakutaja. Nikamletea tofali langu, nililolikamua kwa mikono katika mkebe wa mafuta ya kupikia niliotoboa matundu kwa msumari, nikalikausha kando ya jiko usiku na mchana. Akaliwasha palepale uani. Likashika, likatulia, likawaka bila kunung'unika. Akaondoka na yote niliyokuwa nayo na tangu hapo hanunui kwa mtu mwingine. Alipofunga lango nilicheza, wifi. Mjane wa majuzi, nikacheza peke yangu uani hadi leso ikadondoka.

Hapo ningekusamehe. Wallahi ningekusamehe. Lakini ulipoona biashara imekufa mikononi mwako ukamwuzia mashine mtu wa vyuma vikuukuu. Kazi ya mikono ya kaka yako! Niliikuta imelazwa kati ya mageti na baiskeli zilizooza, mpini umepinda. Nikaikomboa, nikaileta kwa mkokoteni nikiwa nimeishikilia kando ya Waiyaki Way yote, watu wakinishangaa. Fundi ameinyoosha. Inafanya kazi kuliko zamani.

Binti wa jirani anasema huna kazi, na unaomba nikufundishe makaa "vizuri, kama mtu na wifi yake". Haya. Jumatatu asubuhi lango litakuwa wazi. Kwenye mashine nina wanawake wawili, pamejaa, na wewe hutaigusa. Nafasi iko kwenye pipa. Karatasi zimelowa tangu juzi na zimeanza kunuka. Vua viatu, kunja mikono ya nguo, uingize mikono mpaka kwenye viwiko. Jioni utalipwa kama kibarua mwingine yeyote, na mtoto wangu, yule uliyemkuta mapajani na sasa amekua, ndiye atakayekuletea maji ya kunawa.

Wasalimie baba zako wadogo, waambie mgongo wa pikapu yao naukumbuka.

Ni mimi,
Mke wa kaka yako, mwenye mashine.