Dakika Nne za Mchungaji

Jumapili

Mtu mzima nimewaharibia watu Jumapili ijayo, tena nikiwa nimekaa tu.

Saa yangu ya zamani haina betri. Usipoitia ufunguo asubuhi, inasimama. Ina kitufe cha kuanzisha mshale wa kupimia muda. Mchungaji akisema "namalizia", mimi hubonyeza. Ndiyo starehe yangu kanisani, Mungu anisamehe.

Leo nilibonyeza, nikasinzia. Baada ya ibada mchungaji akanishika mkono mlangoni. Kumbe huwa ananiona!

"Papa Bosco, leo kumalizia kwangu kumekamata dakika ngapi?"

Nikaangalia saa. "Nne, mchungaji."

Akanikumbatia mbele ya watu. "Na banasema narefusha! Basi Jumapili ijayo nitajiachia kidogo."

Tukirudi nyumbani, tulipofika robot ya Glenwood, zile taa za barabarani, ndipo nikaona mshale bado uko kwenye nne. Asubuhi sikuitia ufunguo; saa ilisimama mchungaji akiendelea. Eish.

Nimemweleza mke wangu, Odette. Nimemuuliza, nitamwambiaje ukweli mtu mwenye furaha vile?

Yuko jikoni anatafuta hotpoti kubwa ya chakula ya kwenda nayo kanisani Jumapili ijayo.