Saa za Kazi za Leticia

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimempoteza Leticia juzi Jumamosi, saa kumi na moja na dakika mbili jioni. Miaka minne dukani kwangu! Mteja wa Lindi amesimama, vitenge viko juu ya meza, yeye anachukua mkoba.

Nikamwambia, mteja yupo. Akasema, na mimi nipo tangu saa kumi na mbili asubuhi, mama.

Akatoa karatasi ya kuajiriwa, mwandiko wangu mwenyewe: saa za kazi, za kawaida. Akauliza kawaida ya nani. Nikamjibu ya Kariakoo, mpaka mteja wa mwisho. Akacheka — si kwa dharau. Akaenda.

Nimeudhika. Mimi nilianza na khanga za kubeba kichwani, nani alinipangia saa?

Jumanne, 4 Februari

Nimehesabu wateja leo. Arobaini na mmoja. Baada ya saa kumi na moja — watatu. Wawili waliulizia choo.

Leticia angekuwepo, wateja wa Masasi wasingeondoka mikono mitupu. Yule anasikia sauti kwenye simu tu, anajua doti gani ya khanga itapendwa kule. Mimi nimewatolea rangi tano, zote hapana.

Jumatano, 5 Februari

Nimesikia Leticia yuko kwa Mama Pranav, duka la vitambaa mtaa wa pili. Majaribio, wiki moja. Nikaenda kugomba.

Mama Pranav akanipa chai. Akasema, kunywa haraka dada Evarista, saa kumi na moja nafunga, hata ukiwa wewe. Na kweli! Kikombe nusu, shata ya mlango inashuka. Leticia kapima mita ya mwisho, kakunja, kafagia, mkoba begani. Siku nzima hakugusa simu yake, kasema Mama Pranav. Jumamosi anamwajiri moja kwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nikarudisha kikombe, nikaondoka bila kugomba. Mtoto ana nidhamu!

Alhamisi, 6 Februari

Kwangu, kumi na mbili asubuhi hadi mbili usiku: saa kumi na nne kwa siku, siku sita. Themanini na nne. Kawaida ya wenzetu, nane mara sita, arobaini na nane. Tofauti thelathini na sita kwa wiki. Kwa mwaka 1,872. Gawanya kwa nane — siku 234 za kazi. Kila mwaka nilizichukua, na hakuwahi kupandisha sauti.

Nimerudia hesabu mara mbili. Ni ileile.

Ijumaa, 7 Februari

Nimebandika mlangoni: SAA 2 ASUBUHI – SAA 11 JIONI. Jirani Shaibu kauliza, bosi, umepata kazi serikalini? Mjinga.

Nimemtumia Leticia ujumbe huu. Kausoma. Naunakili hapa:

Leticia. Saa mbili hadi kumi na moja. Chakula saa nzima, nje ya duka. Ovataimu nalipa, na ukitaka unakataa. Karatasi mpya nimeshaandika, saa zote kwa tarakimu. Unarudi au hurudi? Usinitumie kidole gumba. Andika ndiyo au hapana, leo, kabla ya saa kumi na moja.