Barua ya Tarehe Tisa

19 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mkaguzi wangu. Mimi huku sijambo, ila miguu. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hoteli. Asubuhi mashuka, jioni mashuka, nikifumba macho naona mashuka. Nadhani wageni wa hoteli hii hawana shughuli nyingine duniani zaidi ya kulala.

Mwanangu anaendeleaje? Bado anakagua vifuniko vya sufuria kabla hujapika? Bado anapanga viatu mlangoni, ncha za viatu zikitazama ukutani? Jana nilikuta viatu vya mwenzangu vimetupwa huku na huku, nikainama nikavipanga, nikajikuta nalia. Mwenzangu akadhani naumwa tumbo, akanichemshia maji.

Baba, nakukumbusha jambo moja, usinikasirikie. Yule mtaalamu wa kliniki ya usonji alisema akijigonga kichwa tuweke mto tu, tumwache, hupita. Na habari ya hospitali uliniahidi. Hatapelekwa kabla hujaniandikia na mimi nikajibu. Hujasahau mwaka jana watu wanne walivyomshika kwa ajili ya sindano moja, wewe mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Aliingia mle akiwa na maneno matatu: maji, babu, hapana. Akatoka hana hata moja. Juni anatimiza miaka mitano na bado hajayarudisha. Ndiyo maana nang'ang'ania.

Nimebakiza miezi kumi na moja ya mkataba. Nibebee mwanangu mpaka hapo, wewe ndiye baba na mama yake huko.

Binti yako.

*

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Mkaguzi naye apate salamu zake. Alikuwa chini ya meza ya kukatia anapanga vifungo. Hakuinua kichwa, lakini aliacha kupanga mpaka nilipomaliza. Kwake hiyo ni hotuba.

Mwalimu mkuu wa shule alikuja kuchukua koti lake wiki iliyopita. Mkaguzi akatoka chini ya meza, akamkagua kifua kizima, akakuta kifungo kimoja kina matundu manne na wenzake wana mawili mawili. Alilishika koti, hakuliachia. Mtu mzima kila akivuta, yeye naye anavuta. Ikabidi nikibadilishe pale pale, mteja amesimama na shati lake kama mwanafunzi aliyechelewa. Miaka arobaini nashona, sijapata msimamizi mkali namna hii. Na kosa lilikuwa langu kweli, macho yangu si yale.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike haraka. Tangu Ijumaa anajigonga. Zamani alikuwa akijigonga kipaji cha uso, kelele za nje zikizidi. Safari hii ni upande wa kushoto tu, nyuma ya sikio, kwenye mguu wa meza, hata nyumba ikiwa kimya. Mkate wake hali. Nimeukata vipande vya mraba kama anavyotaka, anavitazama tu. Nikijaribu kumpima joto kwa kiganja, anakimbia. Mto nimeweka, na namwacha kama ulivyosema, ila roho haitulii.

Muuguzi jirani alikuja kupunguziwa sketi. Alimtazama muda mrefu akasema huenda ni sikio, mpeleke. Nikamwambia nina ahadi na mama yake. Akanitazama kama mzee aliyekula chumvi nyingi bila faida.

Nimpeleke au nimwache? Nijibu upesi. Barua hii naikimbiza posta sasa hivi, muuguzi atakaa naye nusu saa.

Ni mimi, baba yako.

*

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako imefika mchana huu na naijibu leo leo. Ya mwalimu mkuu nimecheka mpaka wenzangu wakadhani nimepagawa. Nikawasimulia, nao wakacheka, na sasa chumba kizima kinakagua vifungo.

Kuhusu kujigonga: mwache, Baba. Alifanya hivi hivi wiki niliyoondoka, mkate pia akaukataa, na ikapita. Kuna kitu kimebadilika hapo nyumbani nawe hujakiona. Umehamisha meza? Umenunua mkate wa duka lingine? Umebadilisha sabuni? Rudisha kila kitu mahali pake, naye atatulia.

Muuguzi ni mtu mwema, lakini hamjui mwanangu. Kule hospitali hawataona mtoto anayeumwa. Wataona mkorofi wa kushikwa na watu wanne. Akiingia tena mle atatoka na nini, Baba? Maneno yameshakwisha. Nakuomba, kwa ajili ya marehemu mama, usimpeleke. Ikipita wiki mbili hajatulia, niandikie tena.

Habari zangu: nimehamishiwa chumba cha pasi. Kuna joto, lakini angalau nasimama pakavu. Juzi pasi ya mvuke iliniunguza kifundo cha mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko umepinda. Wamenipaka dawa, usiwe na wasiwasi. Mbusu Mkaguzi kwa mbali, kama anavyopenda, ukiwa upande wa pili wa chumba.

Binti yako.

*

27 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu nyingi. Natumaini u salama na kwamba mkono wako unaendelea kupona. Kabla hujasoma zaidi, kaa chini. Kama uko kazini, ikunje barua hii uiweke mpaka utoke.

Mkaguzi wetu ametutoka. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20, saa nne asubuhi. Posta walinishauri nipige simu ya upepo, ile telegramu, nikakataa. Habari hii haiendi kwa maneno saba, uisome umesimama mbele ya wageni. Nilikaa wiki nzima na karatasi mbele yangu, na hii ndiyo ya tano, zile nyingine nilizichana.

Lilikuwa sikio. Usaha ulikuwa umeingia ndani kabisa, mpaka kichwani. Jibu lako nililingoja nikaona kimya, nikajua posta wameipoteza barua kama kawaida yao. Basi nikaamua mwenyewe, nikampeleka. Ahadi niliivunja, nisamehe kwa hilo. Daktari aliniambia ugonjwa huu ni wa aina ambayo hata ningemfikisha siku ya kwanza asingepona. Aliyarudia mara mbili ili nielewe. Nawe elewa hivyo hivyo.

Hakushikwa na watu wanne. Hakuwa na nguvu za kushindana na mtu. Muuguzi jirani aliomba ruhusa kazini akawa ndiye anayemhudumia, na alikuwa akimwambia kila kitu kabla hajakifanya, polepole, kama unavyofanya wewe. Alhamisi Mkaguzi aliniachia nimshike mkono mchana kutwa. Unajua hajawahi. Nilitamani auchomoe kama siku zote.

Gauni lake la mwisho nilimshonea mimi. Mishono yote niliiweka nje, maana hakuvumilia mshono umguse ngozi. Wanawake waliokuja kumvisha walidhani nimelikosea, wakataka kuligeuza. Nikawaambia ndivyo anavyovaa, waliache. Waliliacha. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani, na mwalimu mkuu alikuja na koti lile.

Usianze kujiuliza ungefanya nini, mwanangu. Hukuwa na la kufanya. Uliulizwa, na jibu lako halikufika, basi. Kama kuna lawama iende kwa posta.

Kula, hata kama chakula hakipiti.

Ni mimi, baba yako.

*

5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi hali kwa desturi. Nataka kujua kweli unakula, unalala, na nani anakaa nawe.

Siku tatu sikuamka kitandani. Wenzangu walinipigia pasi mashuka yangu na wakamwambia msimamizi nina homa. Siku ya nne nikakaa nikaisoma barua yako tena, neno kwa neno, kwa sababu nilitaka kuwa naye hata humo. Ndipo nikaona ulivyoanza. Umeniulizia mkono.

Habari ya mkono niliiandika mahali pamoja tu, Baba, katika barua ya tarehe tisa. Huko nyumbani hakuna mtu mwingine niliyemwandikia. Kwa hiyo ilifika. Uliisoma, ukanihurumia kuungua, na hata siku unaniandikia msiba hukuweza kuacha kuniulizia. Kisha ukaniambia haikufika.

Wewe ni fundi nguo. Uongo wako wote maishani ni kuwaambia wateja njoo kesho, na hata huo huusemi vizuri, unainamisha macho. Huu mwingine umeuweza wapi?

Najua nilichoandika. Nilikuomba kwa ajili ya mama. Niliandika mwache, nikajiona najua, nikiwa nimesimama kwenye mashuka ya watu. Nilikuuliza kuhusu sabuni, Baba. Mwanangu anaumwa, mimi nauliza habari ya sabuni.

Niambie ilifika tarehe gani. Niambie ulimpeleka tarehe gani. Niambie daktari alisema nini hasa, si hayo uliyonitungia. Usinikinge. Nisipoyajua nitayabuni mwenyewe, na nitakayoyabuni hayatakuwa na mwisho.

Binti yako.

*

13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kweli, nitajibu kweli. Nakula kidogo. Usingizi sina. Muuguzi hupita jioni akitoka kazini, tunakaa tu.

Barua yako ilifika Jumamosi, tarehe 14. Nilimpeleka Jumanne, tarehe 17, aliposhindwa kusimama. Daktari alisema tungemleta wiki moja mapema angekuwa na nafasi. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakunikaripia. Hayo ndiyo uliyoyauliza.

Sasa nikwambie ambalo hukuuliza. Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nilikuwa nimevaa viatu. Muuguzi alikuwa mlangoni na shuka la kumfunikia, Mkaguzi amelala chini ya meza, na siku mbili hakuwa amegusa vifungo. Mleta barua akapiga hodi. Niliisoma barua yako nimesimama, na nilipofika pale uliposema nisimpeleke, nilifurahi. Nasema nilifurahi, mwanangu. Nilikuwa sijalala kwa hofu ya kuushika tena ule mguu, yeye akinitazama. Ukaja wewe ukaniambia nisiende. Nikavua viatu.

Muuguzi alinisihi mpaka akalia. Nikamwonyesha mwandiko wako, nikamwambia mama yake amekataa, mimi nifanye nini. Ulikuwa mbali kiasi hicho, na mimi nilikuwa naye chumba kimoja, namwona anavyokonda, naona anavyoukinga upande ule wa kichwa. Nilikuwa najua. Siku tatu nzima nilikuwa najua, na nilijificha nyuma ya barua yako.

Nilikuambia haikufika ili nikukinge, hilo si uongo. Lakini nilitaka pia nisije nikaulizwa niliisoma nikafanya nini. Ndiyo maana nimejikaza kukuandikia haya leo, kabla sijapata ujanja mwingine.

Usijitwike yote. Wewe ulikuwa na kalamu tu. Mikono ilikuwa yangu.

Njoo nyumbani. Msimamizi wako akikataa, njoo hivyo hivyo, mkataba utajijua wenyewe. Ukifika ukaona huwezi kunitazama, kaa chumba cha pili, funga mlango, chakula nitakuwekea nje. Hata mwezi mzima, sitakugongea. Lakini njoo, mwanangu, peke yangu siiwezi nyumba hii.

Ni mimi, baba yako.