Insha Iliyonizika Nikiwa Hai

Bi Verna mpendwa, msaada ninaouomba hauwezi kusubiri zamu, kwa hiyo tafadhali itangulize barua hii katika safu yako ya ushauri, mbele ya za wale wanaogombana na majirani kuhusu ua na mbwa, maana moyo wangu umechoka kupiga, daktari ameniambia hivyo kwa maneno laini, lakini mimi nilifundisha lugha chuo kikuu maisha yangu yote na najua maneno laini hutumika wakati gani. Nimelazwa nyumbani kwa binti yangu Gretchen, hapa hapa Ohio, katika chumba kilichokuwa cha kulia chakula, kitanda changu kiko pale palipokuwa na meza, na kwa kuwa meza imehamia jikoni na ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu, na ninachokisikia tangu Krismasi ni vyuo, vyuo, vyuo.

Mjukuu wangu Maren ana miaka kumi na saba, amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, na mtaani kwetu huo ndio mwaka ambao wazazi hurukwa na akili. Gretchen ni daktari wa meno na mumewe Russell ni mhasibu, watu wazima walioaminiwa na umma, lakini kila likizo wanampakia mtoto garini kwenda kukagua vyuo, wanamfuata mwanafunzi anayetembea kinyumenyume akiwaonyesha maktaba, kana kwamba hawajawahi kuona kitabu, na Russell anauliza maswali ambayo majibu yake anayo tayari, ili wazazi wengine wajue kwamba anajua, kisha wakirudi wanabishana juu ya chakula cha bwaloni kana kwamba wao ndio watakaokila. Jirani amebandika stika ya chuo cha mwanawe kwenye kioo cha nyuma cha gari, na tangu siku hiyo Russell hawezi kusimama nyuma ya gari lile kwenye taa za barabarani bila kukunja uso, naye ameshanunua stika yake, ya chuo nilichosoma mimi, ambacho Maren hata hajaomba, ameificha kwenye droo ya vijiko akidhani hakuna ajuaye.

Mwezi Machi walikuwa wakirudi kutoka chuo kimoja cha fahari wakapitia chuo kikuu cha jimbo, si kwa kukitaka bali kwa sababu Russell alibanwa na haja, na pale wana mazizi ya ng'ombe wa maziwa na duka ambamo wanafunzi wanauza askrimu waliyoitengeneza wenyewe, na wakati baba yake anatafuta choo Maren akaingia zizini akamkuta msichana wa rika lake anazalisha ng'ombe.

"Mkono wote ndani, Bibi," aliniambia alipofika, hata koti hajavua. "Mpaka begani. Halafu ndama akatoka, akaanguka tu pale, akapiga chafya."

Alikuwa amenibebea kikombe cha askrimu, kilikuwa kimeyeyuka njiani kikawa maziwa, akakiweka mkononi mwangu akainama sikioni, "Nataka kusoma hiyo. Usimwambie Mama bado."

Nikakiweka kikombe kwenye kimeza cha kando ya kitanda bila kukionja nikamwambia, "Babu zako walisoma Kigiriki, wewe unataka kunuka samadi."

"Bibi, nawe. Kuna maji na sabuni."

Yeye alicheka, mimi sikucheka, na kikombe kikakaa pale hadi mtu akaja kukiondoa.

Baadaye wakamwajiri mama mmoja anayeitwa Bi Whitlow, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto wa wenye nafasi namna ya kuonekana wamepata taabu, kwa maana vyuo hutaka kila mtoto aandike insha kuhusu nafsi yake, na nafsi isiyo na jeraha haiuziki. Nilimsikia jikoni akiuliza, "Maren, mpenzi, una huzuni gani maishani mwako?" Mtoto akasema hana. "Fikiri vizuri." Gretchen akasema kwa sauti anayodhani ni ya chini, "Mama yangu anakufa." Bi Whitlow akasema, "Mabibi wanaokufa ni wengi mno, kila mwaka napata mafungu. Huyu wenu ana lolote la kipekee?"

"Ana masikio," niliita kutoka kitandani.

Haikuwazuia. Maren akaniletea insha, na Bi Verna, nimekufa katika sentensi ya kwanza. Nimekufa vizuri, asubuhi, theluji inaanguka dirishani, mkono wangu umo ndani ya mkono wake, na kabla ya kukata roho nimesema maneno ya busara ambayo sijawahi kuyasema na wala nisingeyasema.

"Nimekufa mwezi gani?" nilimuuliza.

"Bibi, usikasirike. Bi Whitlow anasema wanasoma maombi wakati wa baridi, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo mpaka wakati huo nitakuwa nimetimiza wajibu wangu."

"Acha basi, Bibi." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mimi sikutaka. Wao ndio walitaka."

Hapo mtu mwenye moyo, hata mbovu kama huu wangu, angeichana karatasi ile, lakini mimi nilifanya nilichozoea kufanya ninapopewa kazi ya mwanafunzi, nikaomba kalamu nyekundu, nikasahihisha kifo changu toka juu hadi chini, nikaondoa machozi yaliyozidi, na nilipofika mwisho nikamwambia mwisho huu ni dhaifu, insha haiwezi kuishia kwenye theluji, maliza kwa ahadi, sema ulimwahidi bibi yako kwamba utasoma pale pale aliposoma yeye, utapita chini ya lango la mawe la chuo kile. Ni chuo kilichonipokea mimi na kikamkataa Gretchen.

"Lakini sikukuahidi," Maren akasema.

"Basi niahidi sasa, isiwe uongo."

"Unasema kweli, Bibi?"

"Mimi sikubali kuandikiwa uongo."

Akalitazama blanketi, akasema, "Nakuahidi," kwa sauti ya mtu anayenyoosha mkono achomwe sindano, nami nikaandika pembeni, vizuri sana.

Bi Whitlow aliposoma mwisho ule alifuta macho, Gretchen akaja kunikumbatia, jambo ambalo hatujalizoea, na Russell akaitoa stika kwenye vijiko akaiegemeza dirishani jikoni ipate jua. Maren hataji tena ng'ombe. Picha ya ndama aliyokuwa nayo kwenye simu yake ameiondoa akaweka ya lango la mawe, na anakuja chumbani kwangu kila jioni, ananiuliza maswali kuhusu chuo changu kwa adabu, kama mtu anayeuliza habari za gereza atakalopelekwa.

Sasa, Bi Verna, nikifa ahadi ile itabaki, sitakuwepo wa kuirudisha, na nikiirudisha leo watasema dawa zimenipanda kichwani, furaha ya nyumba itaharibika, na lazima nikuungamie pia kwamba kipande fulani cha moyo huu uliochoka bado kinataka mtu wa damu yangu apite chini ya lango lile. Ahadi ya mtoto wa miaka kumi na saba ina uzito gani, kwa kweli, si ataisahau? Niseme, au ninyamaze niondoke kwa amani, na wazazi wake waendelee na wazimu wao ambao mimi sikuuanzisha? Nijibu upesi.

Marehemu Mtarajiwa

*

Marehemu Mtarajiwa,

Nimeitanguliza barua yako. Wa ua na mbwa watanisamehe. Pole kwa moyo wako, na pole kwa kulala mahali ambapo watu wanakupangia kifo kinachofaa ratiba yao. Hakuna anayestahili hilo, hata wewe.

Huruma yangu inaishia hapo.

Umetumia nusu ya barua kunichekesha kuhusu Russell na droo yake ya vijiko. Nimecheka sana. Halafu nikajiuliza stika ile ni ya chuo cha nani, na aliona wapi kwamba hicho ndicho chuo cha kutamaniwa. Umekaa nyumbani kwao, unakula chakula chao, na naamini kila kikitajwa chuo unataja chako. Unasema wazimu huo hukuuanzisha. Mama, wewe ndiye chemchemi. Russell anataka kubandika jina la chuo kwenye kioo cha gari. Wewe umelibandika juu ya mtoto.

Bi Whitlow simpendi, na nikikutana naye nitamwambia. Lakini yeye angalau aliuliza kama huzuni ipo. Wewe ulikuta mtoto hana jeraha, ukamtengenezea moja kwa mkono wako, ukaandika pembeni "vizuri sana."

Tafadhali usiniambie kwamba ulikuwa unatetea ukweli. Kama unachukia uongo kiasi hicho, ungeanza kwa kufuta theluji. Uliyaacha maneno ya busara usiyoyasema, ukaacha mkono ndani ya mkono, ukaacha kifo chenyewe, halafu ukang'ang'ania ukweli mahali pamoja tu, pale ulipokufaidi. Umefundisha lugha maisha yako yote. Mwanafunzi wako angekuletea hoja kama hiyo, ungemfanya nini?

Unauliza ahadi ya mtoto wa miaka kumi na saba ina uzito gani. Unaujua uzito wake, ndiyo maana uliiomba. Huyu ni mtoto aliyekushikia kikombe cha askrimu garini njia nzima, akijua kinayeyuka, kwa sababu alitaka wewe uwe wa kwanza kuonja. Mtoto wa namna hiyo hasahau. Atakwenda chini ya lango lako la mawe, atasoma asichokipenda miaka minne, na kila akitaka kuondoka atakukuta umelala mlangoni. Ukinyamaza utakufa kwa amani, nakubali. Amani hiyo atailipia Maren.

Kuhusu Gretchen umeniandikia maneno machache tu, kwamba chuo chako kilimkataa. Umeyapitisha haraka haraka, lakini mimi nasoma barua kwa riziki. Kama anasafiri kila likizo kumtafutia mwanawe mlango, nadhani anajua bado jinsi ulivyomtazama ule wake ulipofungwa. Na tangu Krismasi umekuwa ukimsikiliza ukutani ili umcheke.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, kwa sababu kesho yako wewe mwenyewe huiamini. Jioni wakikaa kula, gonga ukuta. Umeshathibitisha kwamba sauti inapita. Waite wote watatu waje na sahani zao wakae kando ya kitanda. Usianze na daktari wako, wala Kigiriki chako. Sema hivi: "Maren, ile ahadi niliichukua kwa hila, nikijua huwezi kunikatalia. Nakurudishia. Sitaki uitimize, nikiwa hai wala nikifa." Useme mbele ya baba na mama, ili siku ya mazishi asitokee mtu wa kusema "bibi yako angependa." Wakisema ni dawa, warudishie maneno ya Bi Whitlow neno kwa neno, jinsi alivyokupanga na mafungu yake, waone kama kichwa chako kimelala.

Ng'ombe usiwataje. Hiyo ni siri aliyokupa, na umeshaifanyia mzaha mara moja. Ataisema mwenyewe atakapoona mlango uko wazi. Akiisema, na Gretchen akaanza kupaza sauti, hapo ndipo utumie ukali wako wote uliobaki, upande wa mtoto.

Wakitoka, mwombe Gretchen abaki. Mwambie kwamba walipomkataa wewe ulijali lango kuliko ulivyomjali yeye, na kwamba hakustahili. Usieleze. Wewe ukianza kueleza unageuka mwalimu. Sema, kisha nyamaza, umwache afanye atakavyo. Huenda akatoka chumbani bila neno. Hiyo ni haki yake.

Insha mpya haikuhusu. Akikuletea, mrudishie bila kuisoma, na kalamu nyekundu mpe Russell, atapata kitu cha kushika akiwa kwenye taa.

Mwisho, mwombe Maren aende na baba yake kule kwenye mazizi akuletee tena askrimu. Itafika imeyeyuka, barabara ni ile ile. Inywe yote akiwa amekaa hapo anakuangalia, kisha muulize yule ndama alikuwa wa rangi gani.

Verna