Sauti Niliyoipoteza Mbele ya Mgeni Rasmi

Muleba, Jumapili, 15 Desemba. Mvua tangu alfajiri.

Leo nitaeleza yote. Nimezoea kuandika kwenye blogu hii mambo yanayonipendeza, kama vile vitabu nilivyosoma na mitihani niliyofaulu, na kuyanyamazia mengine. Leo sinyamazii kitu. Nimemwahidi mtu, na mtu huyo atasoma.

Jana nilikwenda Bukoba kusikiliza bendi pamoja na Jovitha.

Wengi mnaopita hapa tulisoma pamoja shule ya msingi, kwa hiyo mnamkumbuka. Kwa wasiomjua: Jovitha ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulikaa dawati moja miaka saba. Yeye ni Mkatoliki, mimi Mlutheri, na Jumapili mchana tulikuwa tukikutana njia panda, kila mmoja akitoka kanisani kwake, tunafundishana nyimbo za upande wa pili mpaka tuitwe nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti. Mimi nilikuwa na masikio tu. Tulipomaliza darasa la saba mama yake alihamia Buhembe, kule Bukoba, nami nikabaki huku Muleba. Katika miaka mitatu tulikuwa tumeonana mara mbili, na zote mbili msibani.

Wiki iliyopita alipiga simu ya mama, akaomba kuongea nami. Mjomba wake ana vyombo vya muziki anavyovifunga kumbini, na likizo hii Jovitha anamsaidia. Alisema kuna bendi itapiga ukumbi wa Miembeni Jumamosi alasiri, bendi isiyopanga nyimbo. Wanaanza tu, na wimbo unakwenda unakokwenda. Mama alikuwa na kikao cha akina mama wa kanisa hukohuko mjini, basi akakubali, kwa sharti kwamba kabla ya giza niwe nimefika kwa shangazi Rwamishenye.

Nilifika saa tisa. Jovitha alikuwa mlangoni mwa ukumbi, amevaa glovu za kuvutia nyaya, koleo limechungulia mfukoni. Amekuwa mrefu kunizidi.

"Hilo ni daftari?" aliuliza kabla hata ya kunikumbatia.

"La kuandikia nyimbo."

"Nshomile wewe! Watu wamekuja na viatu vya kuchezea, mwenzangu umekuja na daftari."

Nshomile ndilo jina tunalotaniwa Wahaya tunaoringia shule, na lilinifaa, maana hata kalamu nilikuwa nazo mbili. Tulicheka sana. Lakini tulipokuwa tukiingia ndani niligundua jambo. Zamani Jovitha hakuweza kufanya kazi yoyote bila kuimba kwa pua. Akifagia, anaimba. Akimenya ndizi, anaimba. Jana alivuta nyaya, akapanga spika, akafunga vishikio vya maiki, na mdomo wake ulikuwa kimya kabisa.

Nilijua kwa nini. Nadhani hiyo ndiyo sababu nilishika daftari kwa nguvu.

Bendi ilikuwa na watu sita. Kiongozi wao ni mpiga gitaa, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, ambaye hakutusalimu wala kutaja wimbo. Alichezesha vidole kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, wa besi akamsikia, wa ngoma akamsikia, na ghafla tukawa ndani ya wimbo bila kujua tumeingilia wapi. Nilifungua daftari nikaanza kuandika kama tulivyofundishwa kwenye kwaya: so, la, so, mi. Nilipofika ukurasa wa pili nilikuwa nimepotea. Gitaa lilikuwa halirudi lilikotoka. Kila nikidhani kiitikio kinakuja, kinakuja kitu kingine.

Jovitha alichungulia begani kwangu. "Unaandika mvua tone kwa tone?"

Nikafunga daftari.

Nilianza kusikiliza kwa kutazama. Walikuwa wanatazamana hawa watu! Hakuna aliyetazama vidole vyake. Kisha mpiga kinanda akateleza. Niliisikia wazi noti isiyo mahali pake, nikamtazama kiongozi nikingojea hasira. Yule mzee akamgeukia, akasogea karibu, akaipiga noti ileile ya makosa kwenye gitaa lake. Akaipiga tena. Wa besi akaifuata. Punde wimbo wote ukawa umehamia pale, na watu wakapiga vigelegele.

Jovitha alinipigia kelele sikioni: "Ndivyo walivyo! Akikosea mmoja wote wanamfuata, halafu wanajifanya walipanga!"

Alicheka. Mimi sikuweza.

Sasa nieleze ya darasa la saba.

Mnakumbuka mashindano ya kwaya, na wimbo wa kahawa alioutunga mwalimu wetu. Jovitha ndiye aliyeimba peke yake ubeti wa tatu, ule unaopanda juu. Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa sauti ya kuanzia. Mwalimu alinipulizia kifilimbi chake sikioni tukiwa bado kwenye veranda, akaniambia niibebe sauti ile kichwani mpaka tufike mbele, nisiongee na mtu. Niliibeba kama mtu anavyobeba maji kwenye sahani.

Tukapita mbele ya mgeni rasmi. Alikuwa bibi mtu mzima, amekaa kwenye kiti chenye kitambaa, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Akanisalimu kwa Kihaya. Ningefanya nini? Nilipiga magoti, nikaitikia, akaniuliza ya baba, nikaitikia, akaniuliza ya mama, nikaitikia. Nilivyolelewa, mtu mzima hakatizwi. Niliposimama, sahani ilikuwa tupu.

Nikatoa sauti yoyote. Ilikuwa juu mno.

Tulipofika ubeti wa pili nilikuwa nimeshajua. Wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa wanakodoa macho. Mimi mwenyewe nilikuwa nafungua mdomo tu. Kisha ukaja ubeti wa Jovitha, na kila mtu aliyekuwepo anakumbuka kilichotokea: sauti yake ilipasuka mara mbili, watoto wa shule nyingine wakaangua kicheko, akamaliza akiwa analia.

Kesho yake mwalimu alimtoa kwenye kwaya mbele ya darasa. Alisema sauti iliyopasuka haishoniki. Nilikuwa nimekaa naye dawati moja, kiwiko changu kinagusa chake. Sikusema neno.

Na siku ya mahafali ubeti ule niliuimba mimi. Nilipigiwa makofi.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo Bukoba. Nilijiambia kwamba nikipata nafasi nitamwambia. Kusema kweli, nilitumaini nafasi isipatikane.

Baada ya wimbo wa kwanza, kiongozi wa bendi alisogelea maiki kwa mara ya kwanza. "Tumeishiwa," alisema. "Nani ana sauti atupe? Mbili tatu zinatosha."

Mjomba wa Jovitha akapaza sauti kutoka kwenye mashine zake: "Mpeni mpwa wangu huyo!"

"Mjomba, niache waitu, tafadhali!" Jovitha alisema huku anacheka na kurudi nyuma. "Sauti yangu ilipasuka darasa la saba. Nikiimba mimi spika zako zitaungua."

Ukumbi mzima ukacheka. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja urefu wake au namba yake ya viatu. Ameliamini.

Mama mmoja aliyekuwa anauza senene za kukaanga mlangoni ndiye aliyewaokoa. Aliita wateja kama anavyoita siku zote, "Seneneee, za motooo," bendi ikaidaka hiyohiyo, ikaenda nayo karibu nusu saa. Mama yule alicheza na beseni lake kichwani. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile.

Wakati wa mapumziko tulinunua senene kwake, tukasimama nyuma ya ukumbi chini ya paa, manyunyu yakidondoka mbele ya viatu vyetu. Jovitha alikuwa ananisimulia habari za shule yake. Nilimkatiza.

"Jovitha, sauti yako haikupasuka."

"Nini?"

"Siku ya mashindano. Mimi nilitoa sauti vibaya. Nilipiga magoti kumsalimu yule bibi, ikanitoka."

Aliacha kutafuna. "Ilikuwa juu kiasi gani?"

"Juu sana. Hakuna ambaye angefika."

"Na mwalimu aliponisimamisha mbele ya darasa, ulikuwa umeshajua?"

"Ndiyo."

Alitazama mvua. Nilitamani anipige, kwa kweli. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini na haikutetemeka.

"Mama alininywesha dawa ya koo mwaka mzima, Koku. Majani machungu, asubuhi na jioni. Mwaka mzima. Kanisani nasimama na kitabu cha nyimbo nafungua kurasa tu, majirani wanadhani nimeacha kuamini. Ungenipigia hata simu."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka kusema kweli angalau mara moja. "Niliogopa watu wataacha kuniona mtoto mzuri."

Jovitha alikunja mdomo wa karatasi ya senene polepole, akaniwekea mkononi zilizobaki, akavaa glovu zake, akaingia ndani.

Nilibaki nje mpaka muziki ulipoanza tena. Nilifikiria kuondoka moja kwa moja kwenda kwa shangazi. Kisha nikaona kwamba nikiondoka nitakuwa nimefanya lilelile, kukaa kimya nikiwa na adabu. Nikaingia.

Wimbo wa kwanza baada ya mapumziko haukuwa mrefu. Ulipoisha, kiongozi aliuliza tena nani ana sauti. Sijui mkono wangu uliinuliwa na nani. Mimi ambaye darasani hunyoosha mkono pale tu ninapokuwa na uhakika wa jibu, nilitembea mpaka mbele, watu wote wakinitazama, nikamwamkia yule mzee. Akacheka, akaitikia, akanielekezea maiki.

Niliimba mstari wa kwanza wa wimbo wetu. Kahawa imechanua, shamba limevaa nyeupe. Niliuanza chini, chini kuliko hata ile sauti ya kifilimbi, ili yeyote mwenye kutaka kupanda apande bila kuumia. Sauti yangu si nzuri, mnaijua. Wa besi akaitikia kwa kichwa, akaipokea. Kisha gitaa. Kisha wote.

Nilirudi kukaa. Wimbo wa mwalimu wetu, ambao hauna hata dakika tatu, ulizunguka ukumbi ule kwa muda ambao sikuupima. Waliukunja, wakaupeleka mahali ambapo kwaya yoyote isingethubutu. Na kila waliporudi mwanzo walikuwa wanaacha nafasi, pengo dogo, labda wakingoja niendelee na maneno. Sikuendelea. Ubeti ule wa tatu si wangu.

Jovitha alikuwa amesimama nyuma ya spika kubwa ya kushoto, amenipa mgongo nusu, kiganja chake kikiwa juu ya spika. Katika pengo la tatu, au la nne, niliona shingo yake ikisogea.

Niliinuka nione vizuri. Watu walikuwa wanacheza katikati yetu, na ngoma zilikuwa zimepanda. Niliona kidevu chake kimeinuka kidogo, kama zamani pale kwenye ubeti wa tatu. Sikusikia chochote isipokuwa bendi.

Ilipofika saa kumi na mbili kasoro alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunishika mkono, lakini alinisindikiza. Tulitembea hatua nyingi. Kisha akasimama.

"Ile blogu yako bado wenzetu wanaisoma?"

"Wanaisoma."

"Basi andika. Yote. Mashindano, magoti, mahafali. Na jina lako liwepo. Mimi nilisimamishwa mbele ya darasa zima, na wewe simama mbele ya darasa zima. Halafu nitaona."

Nikamwambia nitaandika kesho. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kukunja nyaya.

Basi nimesimama. Mimi ni Kokugonza, niliyekaa dawati la pili upande wa dirisha, na ndimi niliyeharibu wimbo wetu. Mwalimu, kama utasoma haya, Jovitha hakukosea hata noti moja. Alijaribu kufika mahali nilipompeleka, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumpeleka huko.

Sijisikii mwepesi kama nilivyotarajia. Mama amesoma kabla sijachapisha, ameniambia nikamsalimu mama yake Jovitha ana kwa ana kabla ya Krismasi. Nitakwenda. Naogopa, lakini nitakwenda.

Jovitha, sikuombi leo unisamehe. Ulisema utaona, na mimi nitangoja uone kwa muda wowote utakaotaka. Lakini kuna jambo moja siwezi kulala nalo, na ninaomba unijibu leo hii, hata kwa neno moja, kwenye simu ya mama.

Pale nyuma ya spika, ulikuwa unaimba?